Kuhesabu Ukungu

Katika familia yetu najulikana kwa neno moja: kwani. Kwani nani kasema? Kwani aliona? Kwani alipima? Mamdogo, yaani mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, kwa hiyo yeye amelisikia neno hilo kuliko mtu mwengine yeyote. Nilipokuwa chuoni nikisoma Kurani, mwalimu alitwambia mbingu ziko tabaka saba, nami nikataka kujua unene wa kila tabaka. Nikarudi nyumbani na alama za bakora. Mamdogo alinikanda kwa maji ya moto huku akicheka. "Wewe," alisema, "hata siku ya kuzikwa utamuuliza mchimba kaburi kapima kwa kitu gani."

Nayaeleza haya mapema ili ijulikane kwa nini aliniamini. Mtu anayesema "hakika" kila siku, hakika yake haina uzito. Mimi sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mamdogo, si kwa habari ya mvua wala ndoa ya mtu wala matokeo ya mtihani. Nikalitamka mara moja, kwa simu, na hiyo mara moja ndiyo ninayoiandika hapa.

Mamdogo analima mwani. Kijiji chake kiko kusini-mashariki ya Unguja, upande ambao bahari ikitoka inatoka kweli, unatembea nusu saa na maji bado hayajafika magotini. Wanawake hupiga vigingi mchangani, wakafunga kamba toka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba wakaning'iniza vipande vya mwani kwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai. Vipande hivyo ndiyo mbegu. Mwani hauna punje ya kuweka gunia ukangoja msimu. Mbegu yake ni mwani wenyewe, ulio hai. Ukifa wote, huna cha kupanda, na unakwenda kuomba kwa mwenzio.

Nao ulikuwa ukifa. Misimu miwili mfululizo ulianza kupauka pale unapofungwa, ukawa mweupe kama mfupa, ukakatika na kuchukuliwa na maji. Mamdogo alinipigia simu. "Wewe si unasomea vidudu? Basi hivi vinavyokula mwani wangu ni vidudu gani?"

Nilikuwa nimeanza shahada ya pili na sikuwa na mada. Nikapata mada.

*

Maabara yetu iko Mji Mkongwe, ndani ya nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, ambayo kuta zake hutoka jasho wakati wa masika mpaka karatasi zinabanduka zenyewe. Anayeiendesha ni mama mmoja wa makamo ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Kabla yake alikuwapo fundi mwengine, ambaye sasa ni marehemu. Huyo ndiye aliyenishika kifundo cha mkono mwaka wangu wa kwanza na kunifundisha kudondosha tone bila kutetemeka. Nilimpenda. Hilo nalo lieleweke.

Bakteria tunawafuga ndani ya maji ya chakula ambayo wenyewe tunayaita supu. Supu isiyo na kitu ni safi, unaona upande wa pili. Bakteria wakizaliana, inaingia ukungu. Unaimimina kwenye kichupa cha pembe nne, unakiweka ndani ya mashine, mwanga unapigwa upande huu na jicho la mashine linausoma upande wa pili. Mwanga uliopotea njiani ndio unaokupa namba. Namba hiyo ni ya ukungu, si ya bakteria. Ili uvuke kutoka ukungu hadi bakteria, lazima pawe na mtu ambaye siku moja alichukua supu hiyohiyo, akaipunguza makali kwa maji mara nyingi, akaipaka juu ya sahani ya agari, ule ute mgumu wa kufugia vidudu, akangoja kila kidudu kilicho hai kizae mpaka kiwe doa linaloonekana kwa macho, akayahesabu madoa. Mtu huyo ndiye mwenye haki ya kusema: ukungu wa kiasi hiki ni bakteria wa kiasi hiki.

Kwetu mtu huyo alikuwa marehemu. Juu ya mashine ilibandikwa karatasi yake, kwa wino wa buluu na mwandiko wake wa kulalia: "0.1 ni milioni mia kwa kila mililita." Bi Mkubwa alikuwa ameifunika kwa plastiki, na sehemu yake ya chini kaifunika kwa plasta nyeupe pana, juu ya plasta kaandika: "Mwenyezi Mungu amrehemu."

Siku ya kwanza niliuliza, kama kawaida yangu. "Kwani nani alihesabu?"

"Yeye," Bi Mkubwa alisema, na akaigusa karatasi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kaburi.

Nikanyamaza. Mimi.

*

Dawa niliyoijaribu ilikuwa makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Tuna jamaa mwenye shamba la mikarafuu, akanipa gunia. Niliyachemsha, nikayachuja, nikachovya mbegu za mwani kwa muda mfupi, kisha nikaziweka ndani ya beseni la maji ya bahari. Beseni la pili niliweka mbegu ambazo hazikuchovywa. Halafu mabeseni yote mawili nikayatia bakteria niliowatoa kwenye mwani mgonjwa wa mamdogo, kwa idadi ambayo vitabu vilisema inatosha kuua mwani ndani ya siku chache. Idadi hiyo niliipata kwa kusoma ukungu na kutazama karatasi.

Ningeweza kupaka sahani nikahesabu mwenyewe. Lakini agari ilikuwa imebaki kiasi cha kiganja ndani ya kopo. Agari yenyewe hutokana na mwani, wa jamii nyengine na huu wetu, unapikwa ng'ambo ya mbali na kurudi kwetu ukiwa unga ghali. Tuliambiwa tuihifadhi. Mashine ya ukungu ilikuwa bure na ilijibu kwa sekunde moja.

Halafu kulikuwa na umeme. Mwisho wa juma ulikatika na supu yangu ilikuwa ndani ya friji. Jumatatu, kabla ya kuitia mabesenini, niliitoa nikaisoma: ukungu ulikuwa uleule, hata nukta haikushuka. Nilifurahi. Sasa nikikumbuka furaha ile natamani kujificha. Bakteria aliyekufa haondoki ndani ya supu. Anabaki palepale anazuia mwanga kama alivyozuia akiwa hai.

Beseni la makonyo lilibaki na rangi yake nzuri ya kahawia. Lile jengine lilipauka kidogo. Kwa idadi niliyodhani nimeitia, lilitakiwa life lote. Niliandika daftarini "limepauka" na neno "kidogo" sikuliandika.

Mamdogo akapiga simu. Alikuwa nje, nikisikia kuku na mtu anafua nazi.

"Hiyo dawa yako inafaa au haifai?"

"Inafaa."

"Nisemee vizuri. Usinipe zile 'inaelekea' zako."

"Inafaa, mamdogo. Hakika."

Kule upande wa pili pakanyamaza. Nilidhani simu imekatika.

"Umesema nini?"

"Hakika."

"Haya mwanangu," alisema taratibu. "Nletee hayo maji yako."

Nikampelekea madumu manne. Nilichokuwa sikijui ni kwamba rafiki yake wa kijiji cha pili, ambaye kamba zake ziko kwenye maji ya kina na mwani wake ulikuwa mzima, alikuwa kamuahidi mbegu safi za kujaza kamba zake zote. Angezichukua Ijumaa, kabla ya bamvua, siku zile bahari inapotoka mbali na watu wakapata nafasi ya kupanda. Baada ya simu yetu mamdogo alimrudishia jibu: wape wengine wenye shida, mimi nnayo dawa ya mwanangu, nitachovya hizi zangu.

*

Wiki ile ya bamvua lilifika kopo jipya la agari. Nikataka picha ya ripoti, basi, picha moja nzuri ya sahani iliyojaa madoa. Nikapaka supu ileile, na Alkhamisi asubuhi nikafunua sahani zangu. Pale nilipotarajia madoa mia, palikuwa na manne.

Nilizipindua. Nikazitazama chini ya taa. Nikazihesabu kwa ncha ya kalamu, ingawa manne hayahitaji kalamu. Nikajiambia nimekosea kupunguza makali, nimeongeza maji mara moja zaidi. Basi rudia. Bakteria wa baharini wanachukua siku mbili kuonekana, kwa hiyo majibu yangekuja Jumamosi.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijaweza kulipitisha kooni mpaka leo. Nilikuwa na siku mbili. Simu nilikuwa nayo na salio lilikuwamo. Ijumaa baada ya sala nilikaa chumbani kwangu Kiembe Samaki, ndege zinashuka juu ya bati moja baada ya nyengine, na mara mbili nililifungua jina la mamdogo kwenye simu nikalifunga. Nilikuwa na sababu nzuri sana: mtu wa sayansi hasemi kitu kabla hajarudia kipimo. Ni kweli. Lakini pia nilijua si kweli. Kusema hakika nilisema bila ya kurudia kipimo chochote, iweje kusema "nna wasiwasi" ndiko kunakohitaji vipimo viwili? Nilikuwa naogopa kusikia akinyamaza tena vile.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilifunua sahani. Madoa manne. Sahani ya pili, matano. Ya tatu, manne.

Nikapiga simu. Haikupatikana. Mamdogo akiingia baharini huiacha simu nyumbani, ndani ya ndoo ya unga, imezimwa.

Bi Mkubwa alikuwa akiosha vichupa.

"Bi Mkubwa, hii karatasi ilihesabiwa kwa mashine hii?"

"Karatasi ya marehemu hiyo."

"Najua ya marehemu. Nauliza mashine."

"Mashine hii imekuja yeye keshazikwa. Ile yake iliungua na umeme, ipo stoo. Mimi ndiye niliyeibandua karatasi kule nikaibandika hapa. Ulitaka itupwe pamoja na bovu?"

"Basi haifai hapa. Kila mashine ina jicho lake. Ya zamani jicho lilikuwa karibu na kichupa, hii liko mbali, mwanga ukipinda kidogo tu hii inauhesabu umepotea. Supu ileile, mashine mbili, namba mbili."

"Wee, shusha sauti."

"Naibandua."

"Hubandui!" Alikuja na mikono imejaa povu. "Ilimu yenye manufaa ni sadaka isiyokatika, hukufundishwa hilo? Kila anayeisoma karatasi hii, yeye huko aliko anaandikiwa. Ukiitoa unamkatia maiti thawabu zake. Tena maiti aliyekufundisha kushika tone!"

"Na kama inampoteza mtu, anaandikiwa nini?"

"Marehemu hakuwa akikosea."

"Basi tuisome yote."

Sijui kwa nini nilisema "yote". Pengine kwa sababu plasta ile ilikuwa pana mno kwa maneno matatu. Niliishika pembeni, akanipiga mkono, lakini unyevu wa nyumba ile ulikuwa umeshaifanya kazi yake, na plasta ikaja nzima nzima na dua yake. Chini yake palikuwa na mstari mmoja zaidi, wino uleule wa buluu, herufi ndogo.

"Kwa mashine hii na bakteria wa visima tu. Ukibadilisha kimoja, hesabu upya."

Bi Mkubwa aliusoma kwa sauti. Akausoma tena midomo ikicheza bila sauti. Povu lilikuwa likidondoka sakafuni.

"Nimemziba mdomo," alisema. "Miaka yote hii mimi namuombea dua, na dua yenyewe imemziba mdomo."

Nilikuwa napiga simu tena, na tena haipatikani.

"Unampigia nani wewe mpaka unalia?"

Sikujua kuwa nalia. Nikamwambia: bamvua, madumu manne, mamdogo. Hakuuliza zaidi. Alifuta mikono kwenye baibui lake, akafungua mkoba, akanipa ufunguo wa skuta yake, ile ambayo hata mumewe haipandi bila ruhusa. "Breki ya mbele haishiki vizuri," alisema. "Nenda."

*

Nilifika saa sita na nusu na maji yalikuwa yameshageuka. Wanawake walikuwa wakirudi kwa safu, khanga zimelowa mpaka kifuani, kamba tupu mabegani. Walinijua kwa mbali.

"Hee, daktari wa mwani kaja!"

"Kaja kunusa! Mamdogo wako leo kapanda biriani baharini, samaki wote wamehamia kwake."

"Siye tumetia mbegu za kuomba, yeye katia za karafuu. Akivuna atualike harusi."

Wakacheka. Mamdogo alikuwa wa mwisho na alikuwa akicheka pia, kicheko cha mtu anayejua kuwa mwezi ujao ndiye atakayecheka zaidi.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba. Umefukuzwa na nani, mbona huna pumzi?"

"Umeshapanda?"

"Nshapanda. Kamba zote. Hata moja haikubaki." Akanionesha viganja, vyekundu kwa taitai, na kweli vilinukia karafuu.

Nikamwambia nimekosea hesabu. Aliitua kamba toka begani, akaiweka chini, akaikalia.

"Umekosea vipi? Umezidisha au umepunguza?"

"Nilidhani ule mwani wa kwenye beseni umepigana na bakteria mia ukawashinda. Kumbe walikuwa wanne."

"Na tisini na sita walikuwa wapi?"

"Wengine walikuwa wamekufa. Ile mashine haijui maiti na mzima, inaona ukungu tu. Na wengine hawakuwapo kabisa. Ni karatasi iliyosema wapo."

Alifikiri. Mamdogo hakwenda skuli zaidi ya darasa la saba lakini hakuna kitu nilichowahi kumueleza akashindwa kukishika.

"Kwa hiyo dawa haifai."

"Sijui."

"Juzi ulijua."

Maji yalikuwa yanakuja, yanajaza nyayo za wenzake moja moja.

"Umegundua lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikiliomba lisije tangu nilipotoka mjini. "Leo nimehakikisha."

"Sikuulizi umehakikisha lini. Nakuuliza umegundua lini."

"Alkhamisi."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Alikuwa anapiga hesabu. "Mwenzangu kagawa mbegu jana," alisema. "Mpaka saa kumi ya jana zilikuwa bado zipo uani kwake. Watoto wake walikuwa wanazimwagia maji zisikauke."

"Tuing'oe, mamdogo. Kesho maji yakitoka tuing'oe."

"Tuing'oe tupande nini?"

Alisimama, akaikamua khanga yake pale chini, muda mrefu, mpaka haikutoka tone.

*

Nilibaki kijijini. Kila maji yalipotoka nilikwenda naye, na kila nilipoinua kamba nilijikuta naomba. Mimi niliyeuliza unene wa mbingu nilikuwa naomba kwa maneno ya chuoni, nayakosea, nayaanza upya. Siku za mwanzo mwani ulikuwa mzuri, umekaza, unateleza mkononi. Nilianza hata kumtetea yule mimi wa kwenye simu: huenda dawa inafaa, kwani nani kasema haifai? Nilikuwa nimekosea hesabu tu, si lazima niwe nimekosea dawa.

Siku ya sita niliona taitai moja ina duara jeupe pembeni yake, jembamba kama ukucha. Sikumwambia. Nililizungushia kidole ili nisilione. Lakini yeye alikuwa kwenye kamba ya pili na nilimuona naye ameinama, ameshika kitu, haniambii.

Ukaanza kwisha kwa kamba nzima nzima. Ulikuwa ukiushika unabaki mkononi, laini, mweupe, kama nyama ya nazi iliyolala majini. Wale wanawake waliacha mzaha. Walikuwa wakipita karibu yetu wanasema "poleni" bila ya kusimama, na mimi ningetoa chochote wanitukane. Jioni mamdogo alikuwa akipika, akinipakulia wa kwanza kama zamani, akinitilia chumvi kando kwa sababu anajua napenda chumvi. Sikuweza kumeza. Nilitaka aniulize tena swali lolote. Hakuniuliza kitu.

Bi Mkubwa alipiga simu siku moja. Alisema ameipeleka karatasi stoo, ameibandika tena kwenye mashine yake ileile iliyoungua, na mstari wa chini uko wazi. "Pale haimdanganyi mtu," alisema. Akasema juu ya mashine yetu sasa hapana kitu, na agari ipo, na niende nihesabu. Nilimwambia nitakwenda. Nilipokata simu nilikaa nikitazama viganja vyangu. Nilikuwa nawaza kwamba kazi yote ile, kupunguza makali, kupaka, kungoja, kuhesabu madoa, ni ya siku tatu. Siku tatu, na agari ya kiganja.

Kamba ya mwisho tuliing'oa asubuhi ya maji madogo, tukiwa tumezama mpaka kifuani kwa sababu bamvua lilikuwa limepita. Haikuwa na kipande kimoja cha kufaa. Mamdogo aliikunja, akaitundika uani.

"Vaa nguo kavu," alisema. "Tunakwenda kwa mwenzangu. Utasema mwenyewe."

Tulikwenda kwa miguu, kwa njia ya pwani. Rafiki yake alikuwa amekaa kwenye mkeka anasafisha kamba kwa kisu, mwanamke mkubwa kidogo kuliko mamdogo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimwamkia, akaitikia. Mamdogo hakukaa. Alisimama kando, akanitazama, akangoja.

Nikasema. Nilisema habari ya ukungu na maiti wanaohesabiwa pamoja na wazima. Nilisema habari ya karatasi, lakini nilipofika kwa marehemu nilisita, nikasema kwamba yeye alikuwa ameandika kila kitu, na kwamba mimi ndiye sikuuliza. Nilisema nilitamka hakika. Nilisema madoa manne, Alkhamisi.

Yule mama aliendelea kukwangua kamba mpaka nikamaliza. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Na hiyo Alkhamisi, simu yako ilikuwa imeharibika?"

"Hapana."

"Mm," alisema.

Akainuka kwa taabu, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na ndoo. Ilikuwa na mbegu, za kahawia, zinang'aa, zimefunikwa kwa gunia bichi. "Nilikuwa nimejiwekea hizi za kuzibia mapengo," alimwambia mamdogo, si mimi. "Kamba mbili zitajaa, ya tatu huenda nusu. Anza na hizo. Zikikubali utakata nyengine humohumo. Mpaka zikubali kamba zote, eh, msimu utakuwa umekwenda."

"Umekwenda," alisema mamdogo. "Ahsante, shoga yangu."

Nikainama kuichukua ndoo. Tangu nina miaka sita kubeba ni kazi yangu. Nilibeba maji, kuni, mwani mbichi unaodondoka chumvi mgongoni. Mamdogo alikuwa akisema mtoto asiyebebeshwa hakui. Nilishaishika ndoo kwa mkono wake wa chuma pale alipoweka mkono wake juu ya wangu, akauondoa, kidole kwa kidole, bila nguvu.

Akakunja khanga kuwa kata, akajitwika mwenyewe. Akageuka, akashika njia ya pwani. Nami nikamfuata nyuma, mikono mitupu, nikitazama maji yanayodondoka toka kwenye ndoo yakimlowesha shingo, hatua kwa hatua, mpaka nyumbani.